Vikombe vya Wageni

Kitu kikiwekwa, kinawekewa nani? Swali hili nimelibeba tangu sijaota meno, na sasa meno yameanza kuning'oka na bado nalibeba. Mjini kwetu hakuna aliyetaka kulisikia. Tulikuwa na neno moja lililotosha mahali pote, uwekevu, na mtu akishalitamka hilo, maswali yote yalitakiwa yainame na kupisha. Binti akiposwa, washenga hawakuuliza kama ana sura, waliuliza kama ni mwekevu. Kijana akimenya muhogo na ganda likatoka nene, mama yake alimwambia, "Wewe uwekevu utajifunza lini, ukiwa kaburini?" Na mtu akishafika huko kaburini, alisifiwa msibani kwamba marehemu alikuwa mwekevu ajabu, kipande cha sabuni alikitumia hadi kikapotea chenyewe mkononi. Watu walitikisa vichwa kwa heshima, wakalia kidogo, kisha wakafuta macho mapema ili machozi mengine yabaki.

Tofauti ya mwekevu na bahili waliieleza bila kukuna kichwa. Bahili, walisema, humnyima mwenzake. Mwekevu hujinyima mwenyewe. Ukiisikia hivyo inaingia akilini, tena inapendeza, nami niliiamini. Lakini mimi nilikuwa mtoto katika nyumba ya mwekevu, na mtoto hukaa ndani ya mwili wa mama yake muda mrefu kuliko wakunga wanavyodhani. Mama alipojinyima, alininyima na mimi humohumo. Hakufanya hivyo kwa roho mbaya, na hilo ndilo lililoniuma, na ndilo lililonifunga mdomo. Utamlalamikia vipi mtu ambaye hata yeye mwenyewe hakujibakizia?

Mama yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa na kabati. Lilisimama sebuleni, la mbao nyeusi na vioo mbele, na juu yake alitandika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono. Ndani zilipangwa sahani zenye maua, chupa ya chai yenye picha ya tausi, na vikombe vyenye mzingo wa dhahabu mdomoni, vimelaliana juu ya visosi vyake bila hata kovu. Vilikuwa vya wageni. Sisi wenyewe tulikunywa kwenye vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, chai ya rangi isiyo na iliki, kwa sababu iliki nayo ilikuwa ya wageni. Kabati halikuwa na kufuli. Lilifungwa kwa lile neno tu, na sijawahi kuona kufuli imara kuliko hiyo.

Ninalosema sasa hutaliamini, lakini sikulazimishi. Ndani ya kabati lile mama aliweka na vitu vingine. Aliweka kicheko chake, kile cha kutoka tumboni, nyuma ya bakuli la supu. Aliweka sauti yake nzuri. Aliweka namna fulani ya kumtazama mtu usoni hadi mtu yule akajiona anatosha. Mgeni akibisha hodi, mama alifungua vioo, vikombe vikatoka, na vile vingine vikatoka pamoja navyo, nyumba nzima ikajaa. Mimi nilijibanza nyuma ya pazia la chumbani nikisikiliza kicheko cha mama yangu kikimwagwa kwa watu nisiowajua. Niliwaonea wivu wageni. Niliwaonea wivu mpaka homa ikanipanda, na mama akanipa kitambaa cha maji baridi kwa mkono wake wa siku zote, ule uliochoka.

Nikwambie pia kuhusu wakati, maana utaniuliza nilikuwa na umri gani. Mji ule haukuwa na jioni. Wakubwa wa zamani waliamua kwamba jioni ni saa nzuri mno kutumiwa ovyo, wakaiweka. Basi jua lilipanda hadi mahali fulani juu ya mapaa ya mabati, likasimama, kisha ikawa asubuhi nyingine, bila kuaga. Umri ulituchanganya vivyo hivyo. Kuna asubuhi niliamka na ndevu, na asubuhi iliyofuata nikaamka nimekojoa kitandani. Hakuna aliyeshangaa. Walisema miaka ya mtu huyu haijatumika vizuri, imebaki mingi, acha aipange mwenyewe.

Na wageni walikuwa nani? Hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Ungedhani ni shangazi kutoka mbali, au rafiki aliyepotea. Watu wa kawaida hawakutembeleana mjini kwetu, kutembea kunamaliza viatu. Aliyetutembelea alikuwa Mtunza Mkuu pamoja na watu wake. Huyu ndiye aliyekuwa akipita na kipaza sauti kila kunapokucha, akituhimiza tuweke, tubane, tusubiri, kwa kuwa siku ya kuvitumia itakuja. Kisha, akishatuhimiza, alichoka, akatafuta nyumba ya kupumzika. Alikuwa mnene, wa maneno laini, na alijua kukaa kwenye kiti cha watu.

"Bi Mwanahawa," alisema akinyanyua kikombe cha dhahabu kwa vidole viwili, "mji huu umesimama kwa watu kama wewe. Huu ndio uwekevu ninaousema."

"Baba, karibu tena," mama alijibu, macho yanang'aa. "Ongeza kidogo. Ongeza, usione haya."

"Haya naona, lakini iliki hii itaniua."

Mama akacheka. Kile kicheko. Mtunza Mkuu alikinywa chote, akajifuta mdomo, akaomba na vitumbua vilivyobaki afungiwe vya njiani. Wakati wa kuondoka aliniona mguu ukichungulia chini ya pazia. Alimwambia mama yangu, "Mtoto huyu mfundishe asitamani." Na mama akanifundisha.

Basi nilikwenda zangu, nikauhama mji. Sitasema nilikaa huko miaka mingapi, maana mingine nilikuwa nayo na mingine nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilirudi kwa sababu ya Bi Somoe, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke mkavu wa ulimi mkali ambaye alihesabiwa mjini kuwa mbadhirifu kwa vile aliimba akiwa peke yake. Alinikuta njia panda, mkono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Chande, unatembea kama mtu mwenye mama wa akiba. Mama yako ameanza kuweka pumzi."

"Kuweka pumzi vipi?"

"Anavuta moja, anaisubirisha. Chakula ndio usiseme. Uji nampelekea mimi, anaonja kijiko, kingine anasema kibaki, huenda akaja mgeni. Mgeni gani anakuja kula uji wa mgonjwa? Nenda umlishe. Akifa na njaa huku kabati limejaa, mimi nitalia kwa sauti, mji mzima usikie, na wanifunge."

Niliingia nyumbani bila hodi, kama mtoto anavyoingia kwao. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya kabati, mdogo, mifupa imejitokeza begani, kanga imemzidi. Alinitazama kwa lile jicho la siku zote, akanisogezea kikombe cha bati. Ndani mlikuwa na maji.

"Umekuja, mwanangu. Kunywa. Usimalize."

Nilikaa mbele yake. Nilitaka jambo moja tu duniani, na nilisema wazi ili kusiwe na hila. Nilimwambia, mama, unakwenda. Tunajua wote wawili. Kabla hujaenda nataka ule ushibe, ndani ya sahani zako, na unywe chai yenye iliki ndani ya vikombe vyako. Mara moja. Nikiliona hilo sitaomba tena kitu.

"Vile vya wageni, Chande."

"Wewe ndiye uliyevinunua."

"Nimevinunua, nikaviweka. Ningevitumia mimi, wageni wangekuta nini?"

"Wageni wamekula vyako maisha yako yote!"

"Basi si umeona? Walikuta." Akatabasamu kidogo, tabasamu la matumizi ya nyumbani. "Usinipigie kelele. Kelele inakula."

Nilitoka nikasimama uani nikilia kwa hasira. Ndipo wazo la kwanza likanijia, wazo la mtoto. Kama hawezi kunipa mimi, atampa mgeni. Nikavaa viatu vizuri, nikazunguka mbele, nikasimama mlangoni kwa mama yangu, nikabisha.

"Hodi."

Kisha nikasikia kitu kikinyanyuka kutoka mkekani, na sauti nisiyopata kuisikia ikielekezwa kwangu ikasema, "Karibu! Karibu ndani, baba, pita, hapa ni kwako." Mama alifungua mlango akiwa amesimama wima. Alinitazama na hakunijua. Si kwamba alijifanya. Nilikuwa nimebisha hodi, na katika mji ule anayebisha hodi hana mama ndani ya nyumba hiyo.

Akafungua kabati. Nakunywa. Ni chai. Ni chai tu, maji na majani na maziwa. Iliki imefika puani. Mzingo wa dhahabu una ubaridi kidogo mdomoni. Ananiuliza nimetoka wapi, na ananisikiliza. Nasema jambo la kipuuzi kuhusu kuku aliyevuka barabara mbele yangu na kunitazama kwa dharau, na mama yangu anacheka. Anacheka kwa ajili yangu. Nina miaka sita. Nina miaka hamsini. Nikisema niko hapa, kitakoma. Nyamaza, Chande. Mgeni, endelea kuwa mgeni. Ongeza, ananiambia, usione haya, na mimi naongeza, naongeza, Mungu nisamehe, naongeza.

"Wazazi hawajambo huko kwenu?" aliuliza.

"Mama yangu ni mgonjwa."

"Pole sana. Anakula?"

"Hali. Kunywa na wewe basi kidogo, kikombe kile pale."

"Mimi mwenye nyumba, baba," alisema, akashangaa kama nimemwambia avue nguo. "Mwenye nyumba anashibishwa na kuona."

Nilipoaga na mlango kufungwa, nilizunguka mbio nikaingia kwa nyuma. Alikuwa ameanguka kwenye mkeka, uso umegeuka rangi ya majivu, pumzi inakuja kwa shida. Alikuwa amemimina kwa yule mgeni nguvu zake za mwisho. Nilikaa pale na ladha ya iliki bado iko mdomoni mwangu. Nilikuwa nimemnywa mama yangu kama Mtunza Mkuu alivyomnywa, na kwa kikombe kilekile. Niliona aibu ambayo sina neno lake.

Hapo nikaelewa jambo, au nilidhani nimeelewa. Nimekwambia mjini kwetu walisema mwekevu hujinyima mwenyewe. Si kweli hata hivyo. Mwekevu hana huyo mwenyewe. Amemwondoa nyumbani zamani, ili mahali pake pawekwe kitu cha mtu atakayekuja. Ukimpa mama yangu chakula, unampa mtu asiyekuwapo, ndiyo maana kinarudi. Dawa, nilisema moyoni, si kumlazimisha mwenye nyumba ale. Dawa ni kumleta kama mgeni. Na wakubwa walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nililikariri neno hilo huku nikifurahi. Sikusikia lilichokuwa likisema.

Nilimbeba nikamtoa nje, akaote jua kidogo. Alikuwa mwepesi wa kutisha. Nikamkalisha barazani, mgongo ukutani, nikamwambia naenda kufagia, vumbi lisimkere. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikachinja jogoo ambaye Bi Somoe alinirushia juu ya ukuta bila kuuliza. Nikapika wali wa nazi, nikauacha ushike ukoko. Nikachemsha maziwa na iliki, sikupima, nilizimimina tu kutoka kwenye kikopo. Nilifungua vioo vya kabati na mkono wangu haukukauka. Nikatandika meza. Nikavaa shati la baba yangu, ambaye aliondoka kabla sijaanza kukumbuka watu, nikasimama nyuma ya mlango kwa woga mkubwa, maana ikiwa ataita "Chande," kama mama anavyoita, basi kila kitu kitarudi kabatini.

Nje, harufu ilimfikia. Nilisikia kanga ikisugua ukuta. Nilisikia akisitasita, akijikohoza kama watu wa heshima wanavyojikohoza.

"Hodi?"

Sikuwahi kusikia mama yangu akibisha popote.

"Karibu!" nikasema. "Karibu sana, mama. Pita, hapa ni kwako. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Hamjambo humu?"

Aliingia akiwa amenyooka. Macho yake yalizunguka nyumba ile aliyoipiga deki maisha yake yote, yakaistaajabia. Alikisifu kitambaa cha kabati, akasema aliyekifuma ana mkono. Akakaa kwenye kiti, si mkekani, na nilipomnawisha mikono aliiacha mikononi mwangu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutunzwa.

Alikula. Nisikilize, alikula. Alikula paja la kuku akanyonya na mfupa, akaomba ukoko, akautafuna kwa jino lake moja lililobaki pembeni huku mafuta yakimtiririka kidevuni, na hakuyafuta mapema. Nilimmiminia chai kwenye kikombe cha mzingo wa dhahabu, akanusa kwanza, akafumba macho.

"Hii ndiyo chai," alisema. "Miye nilikuwa nikisikia tu."

"Ongeza, mama. Usione haya."

"Haya ya nini? Nimekaribishwa." Akaongeza. Damu ikampanda mashavuni. Akanisimulia habari za utotoni kwake ambazo sikuwahi kuzijua, kwamba alikuwa na mbio kuliko wavulana, kwamba aliwahi kuiba embe shambani kwa imamu na kumsingizia mbuzi wake, na mbuzi akashtakiwa. Akacheka hadi akashika mbavu. Nami nilicheka naye, nikawaza, nimeshinda. Ewe Mtunza Mkuu na kipaza sauti chako, nimeshinda. Mama yangu ameshiba. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, na naikasirikia mpaka leo.

Akaweka kikombe chini. Akatazama huku na huku.

"Na mama wa hapa yuko wapi? Mbona sijamwona nimshukuru?"

Ningesema nini? Nilisema, "Ametoka kidogo."

"Atakaporudi mwambie nimekula kwake nikashiba. Mwambie ana mtoto mwenye mkono wazi, kamlea vizuri." Kisha akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaweka mikono magotini kama wafanyavyo watu wanaotaka kusimama. "Basi, baba, mimi niage."

Ndipo nilipoona nilichokifanya. Mwenye nyumba hufa nyumbani, hata kwa njaa, lakini yupo, unaweza kumshika. Mgeni huondoka. Hakuna nyumba, hakuna mji, hakuna ndoto ambamo mgeni aliyeshiba hafiki mahali akasema naomba niage, nami nilikuwa nimemfanya mama yangu mgeni kwa mikono yangu, kwa wali na nazi.

"Kaa kidogo," nikasema. "Bado mapema."

"Nimekaa."

"Lala basi. Mgeni siku mbili, mama. Siku ya tatu nitakupa jembe, utalima nasi, utakuwa wa hapa."

Akacheka tena, kwa upole, akanipigapiga bega. "Una maneno wewe. Jembe mpe mwenye nguvu. Mimi naenda kwangu."

"Kwako wapi?"

Alikwishafika mlangoni. Nilimfuata, kwa sababu desturi ni desturi, mgeni husindikizwa. Yeye niliyembeba mikononi alitembea sasa mbele yangu kwa hatua nyepesi, na mji wote ulikaa madirishani ukitazama mwanamke mzee aliyeshiba akipita. Bi Somoe alitoka barazani kwake. Alimtambua, nikaona midomo ikimcheza, lakini naye aliijua desturi. "Karibu tena, bibi," akamwambia, kisha akajifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti, bila kubakisha, na hakuna aliyemfunga.

Tulipita nyumba ya mwisho. Tukapita kisima. Mwenyeji hamsindikizi mgeni hadi kwake, kila mtu anajua. Kuna mahali mgeni husimama akasema inatosha, na ukivuka hapo si heshima tena. Mama alisimama.

"Hapa panatosha, baba. Rudi. Umefika mbali."

"Naweza kufika mbele zaidi."

"Rudi. Nyumba umeiacha wazi."

Akanipa mkono, nikaupokea, ukachomoka taratibu. Akaenda. Niliona mgongo wake ukipungua njiani na uwekevu wote niliofundishwa ukanitoka kwa mara moja, nikapiga ukelele ambao mji ule haujapata kuusikia.

"Mama!"

Aligeuka.

"Naam, mwanangu," alijibu, kwa ule wema ambao kila mwanamke mtu mzima humjibu kijana wa watu anayemwita njiani. Akasubiri kidogo, aone kama nina shida.

Nikatafuta neno linalofaa kuambiwa mgeni.

"Safari njema," nikasema.

Akanishukuru, akaendelea na safari yake.